Kilomita tatu za kwanza kutoka mlangoni

Nyumba ya kwanza niliyopanga nje ya Dar es Salaam ilikuwa Kibaha, na ilikuwa nyumba nzuri. Vyumba viwili, sebule, jiko la ndani, maji yanatoka bombani, kodi Sh130,000 kwa mwezi. Chumba na sebule nilichokiacha Tabata nilikuwa nakilipia Sh250,000. Nikalipa miezi sita, nikampa dalali mwezi wake mmoja, nikapakia vitu kwenye kirikuu, na baiskeli yangu ikafungwa kwa kamba juu ya godoro. Sababu kubwa ya kuhama, mbali na kodi, ilikuwa hiyo baiskeli: nilitaka kuamka Jumamosi nipite mashambani, si kupambana na bodaboda za Barabara ya Mandela.

Miezi sita ilipokwisha, baiskeli ilikuwa imetoka nje ya geti mara nne.

Kibaha haina kosa. Kosa lilikuwa mahali ilipokaa ile nyumba. Kutoka getini hadi njia ya kwanza ya vumbi, iliyotulia, nilipaswa kufuata Barabara ya Morogoro karibu kilomita nne. Hiyo ndiyo njia ya malori yanayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Lori la kontena la futi arobaini likikupita karibu, upepo wake unakusukuma kwanza ukingoni, kisha mkia wake ukishapita unakuvuta kuelekea barabarani, na ukingo wenyewe ni kokoto na ukuta wa lami wenye kina cha kiganja. Mara ya nne niliteleza pale, goti likachubuka, na nikakaa chini ya mti nikitetemeka kwa muda mrefu. Baada ya hapo kila Jumamosi nikawa napata kazi ya kufanya nyumbani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ahamie wapi, namuuliza yeye kwanza: ukitoka mlangoni na baiskeli, kilomita tatu za kwanza zikoje? Usiniambie kuhusu njia nzuri iliyoko kilomita kumi mbele. Ukiwa umechoka na wiki ya kazi, kilomita tatu hizo ndizo zinazoamua kama utatoka au utalala. Daladala haitakubebea baiskeli hadi kwenye njia nzuri, na gari la kuiweka nyuma wengi wetu hatuna.

Hilo la baiskeli. La kazi nalo nililikosea. Ofisi yangu ipo Barabara ya Nyerere, jirani na Tazara. Kutoka Kibaha nilikuwa nafika Mbezi, nashuka, napanda tena, halafu nakatiza mji kwa Mandela. Kukatiza ndiko kulikonimaliza. Dar es Salaam ina barabara kubwa nne za kutokea, na kila moja ina miji yake: ya Bagamoyo ina Bunju, Mapinga na Kerege, ya Morogoro ina Kibaha, ya Nyerere ina Pugu na Kisarawe, ya Kilwa ina Vikindu na Mkuranga. Kigamboni iko peke yake ng'ambo ya maji. Kama unaweza, kaa kwenye barabara ileile ambayo kazi yako ipo. Kilomita 30 za mstari mmoja zinachosha kuliko kumi, lakini zinachosha kidogo kuliko ishirini zenye kupanda na kushuka mara tatu.

Anayefanya kazi Posta au Kivukoni namwelekeza Kigamboni bila kusita. Anavuka kwa pantoni, au anazunguka kwa daraja lililofunguliwa 2016, na wikiendi ana pwani yote, kuanzia Mjimwema kupita Gezaulole mpaka Kimbiji, tambarare, minazi na upepo wa bahari. Ila chukua matairi mapana. Kule kuna mchanga, na mwenye tairi jembamba atasukuma baiskeli kuliko atakavyoipanda.

Wengine siku hizi wananitajia Morogoro, kwa sababu ya treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Juni 2024. Naelewa kabisa. Milima ya Uluguru inaonekana hadi dirishani, na safari haifiki saa mbili. Lakini piga hesabu kabla hujaanza kuota: nauli ya daraja la kawaida ilipangwa Sh13,000, kwenda na kurudi Sh26,000, kwa siku 22 za kazi ni Sh572,000. Hiyo ni kodi ya nyumba nzima mjini na chenji inabaki. Anayekwenda ofisini mara moja kwa wiki, sawa, Morogoro inamfaa sana. Sisi wa kila siku bado.

Mimi nikaenda Kisarawe.

Safari hii sikumpa mtu hela ya kodi kwanza. Nina rafiki aliyeolewa kule, nikamwomba nilale kwake wiki moja, Jumapili hadi Ijumaa, katikati ya masika. Nilichagua masika makusudi. Barabara yoyote ni nzuri mwezi wa tisa. Nilitaka kuona udongo ule mwekundu ukiwa umelowa, nione daladala zinachelewa kiasi gani, nione kama umeme unarudi baada ya radi. Niliamka saa kumi na nusu alfajiri, saa kumi na moja na robo niko kituoni, nabadilisha Gongo la Mboto, saa moja na nusu niko mezani kwangu. Wakati ule barabara ya mwendokasi ya Gongo la Mboto ilikuwa inajengwa, kwa hiyo foleni ilikuwa mbaya kuliko kawaida, na nikasema kama naweza hii, nyingine naiweza. Siku ya Jumatano niliporudi usiku chini ya mvua, bila taa njiani, nikafikiri nitaacha. Alhamisi ilikuwa nafuu. Kama nisingelala kule siku tano, nisingeijua Jumatano ile mpaka nishalipa miezi sita.

Ijumaa jioni nikaanza kutafuta nyumba, kwa miguu. Sikupita kwa dalali. Nilimuuliza mama muuza chapati, naye akamwita binti yake anipeleke kwa bibi mmoja mwenye nyumba nyuma ya msikiti. "Mwanangu, maji yapo, umeme upo, ila mimi sitaki mtu wa kupiga muziki," akasema bibi. Tulikubaliana Sh110,000, miezi mitatu mitatu. Kuhusu maji niliuliza mara mbili, maana Kisarawe iliteseka na maji kwa miaka mingi kabla ya mradi wa Kibamba–Kisarawe kuzinduliwa 2020. Bado fungua bomba mwenyewe, saa za asubuhi na saa za jioni. Neno "yapo" lina maana nyingi.

Sasa hesabu yenyewe, maana watu wanadanganywa na tofauti ya kodi peke yake. Tabata nilikuwa natumia kodi Sh250,000 na nauli Sh1,200 kwa siku, jumla Sh276,400 kwa siku 22. Kisarawe kodi ni Sh110,000 na nauli Sh3,200 kwa siku, hiyo ni Sh180,400. Lakini nyumba yangu haipo kituoni. Bodaboda kutoka nyumbani hadi kituoni ni Sh1,500, kwenda na kurudi Sh3,000, na kwa mwezi ni Sh66,000. Ningepanda bodaboda kila siku, nafuu yangu yote ya kuhama ingekuwa Sh30,000, na kwa Sh30,000 hakuna sababu ya kuamka saa kumi na nusu. Kinachoniokoa ni baiskeli. Naiendesha hadi kituoni, naiacha kwa fundi mwenye kibanda pale, namlipa Sh500 kwa siku, na ananiwekea upepo bila kuomba. Kwa mwezi ni Sh11,000. Nafuu inakuwa Sh85,000, na hiyo inalipa ada ya mdogo wangu.

Ndiyo maana nasema mtafute fundi kabla ya nyumba. Kaa kwenye benchi lake dakika ishirini. Kama ana spoki za saizi tofauti zimening'inia, viraka, solusheni, na watu wanakuja na kuondoka, basi mji huo unaendesha baiskeli. Kama amebaki kushona viatu kwa sababu baiskeli hazipo, jiulize kwa nini hazipo.

Na waulize wabeba mkaa. Nasema kwa heshima kubwa: hao ndio waendesha baiskeli hasa wa Kisarawe, sisi wengine ni wageni. Wanateremka Pugu gizani na magunia mawili, wengine matatu, juu ya Phoenix isiyo na gia hata moja, na fimbo ya mti imefungwa kwenye usukani ili waweze kuisukuma wakiwa nyuma ya mzigo. Mmoja nilimkuta amepumzika kwenye mteremko, ameegemeza baiskeli kwa mti wenye panda, anakunywa maji kwenye chupa ya mafuta ya kula iliyooshwa. Nikamuuliza njia iliyo mbele yetu inatokea wapi. Akaichora kwa kidole kwenye vumbi la mkaa juu ya tandiko: huku panapitika mwaka mzima, huku mvua ikinyesha maji yanafika kiunoni, huku kuna mbwa. "Dada, ya kulia usiende peke yako," akaniambia, na mpaka leo sijaenda peke yangu. Hakuna ramani ya simu iliyowahi kunipa habari ya namna hiyo.

Njia zenyewe ni tamu. Kwangu, kutoka getini hadi vumbi ni mita kama 600. Ukifuata upande wa Kazimzumbwi na barabara ya Maneromango unapita mihogo, mikorosho na minazi ya Wazaramo, unapanda unashuka bila kuisha. Vilima vya Pugu si virefu, havizidi sana mita 300 kutoka usawa wa bahari, lakini vinatosha kumtoa mtu jasho. Kuna msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, ule ni wa kulipa kiingilio na kufuata njia zilizoruhusiwa, usijipenyeze kwenye vichochoro. Na kuna mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, udongo mweupe kama unga wa muhogo, ambako popo hutoka jioni kwa maelfu. Nimewaona mara mbili. Unasikia mbawa kabla hujaona kitu.

Jambo moja sikuliwaza kabla. Huku kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima, na mimi nafika nyumbani saa moja na nusu. Kwa hiyo siku za kazi hakuna kuendesha kwa starehe. Ni kwenda kituoni na kurudi, basi, tena na taa mbele na nyuma. Anayedhani atahamia mji wa pembeni aendeshe kila jioni, aangalie kwanza anatoka kazini saa ngapi. Mimi ninazo Jumamosi na Jumapili, na kwangu zinatosha.

Safari hii ya Pugu na mjini nayo ina wenyewe wa zamani. Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya Mtakatifu Fransisko pale Pugu, na ofisi ya TANU ilikuwa mjini, mpaka 1955 alipoacha ualimu akachagua siasa. Naifikiria daladala ikisimama Pugu Kajiungeni asubuhi, wanafunzi wamejaa mlangoni.

Kwa akina dada wenzangu: siku za mwanzo utaangaliwa sana. Salimia. "Shikamoo" kwa kila mzee, "hamjambo" kwa watoto, simama ununue chungwa. Ndani ya mwezi mmoja walikuwa wanajua napita saa ngapi, na siku nilipopata pancha mbali na nyumbani, kijana alikimbia kuniletea pampu kabla sijamaliza kuigeuza baiskeli.

Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini alinipigia, kapata nyumba Pugu, Sh100,000, vigae chini, picha zinavutia. Jumapili tukaenda na baiskeli zote mbili. Tulianzia getini pa nyumba, tukaelekea msituni, na simu yake ikahesabu kilomita 3.4 za lami yenye malori ya kokoto kabla ya njia ya kwanza ya kupumua. Akasimama, akaitazama simu, akamwambia dalali amtafutie nyingine. Jumamosi tunakwenda kuangalia upande wa Kazimzumbwi.