Damu yangu bado iko kwenye friza yao?

SWALI: Habari dokta. Miaka ya nyuma nikiwa mjamzito niliingia kwenye utafiti flani pale kliniki, nikasaini fomu wakanitoa damu basi yakaisha. Juzi napekua makaratasi nakuta kopi ya ile fomu, imeandikwa sampuli itahifadhiwa kwa tafiti zijazo na inaweza kupelekwa nje ya nchi. Hivi naruhusiwa kusema sitaki tena? Shemeji ananiambia nimeshauzwa. (Mama wa watoto wawili, Iringa)

JIBU: Dada, shemeji amekutisha bure, hakuna aliyekuuza, ila una haki ya kuuliza na mimi nashangaa watu wengi hawaulizi kabisa.

Damu yako huenda iko kwenye kichupa kidogo chenye stika ya namba, ndani ya boksi lenye vishimo 81, kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Jina lako halipo pale, liko kwenye orodha nyingine inayounganisha namba na mtu na hiyo orodha ndo kila kitu, maana kama bado ipo wanaweza kukutafutia kichupa chako wakakiteketeza, kama ilishafutwa basi hata wao hawajui kipi ni chako na hapo hakuna namna. Na majibu yaliyokwishachapishwa hayarudi nyuma, hilo ulijue mapema.

Kuhusu kwenda nje, hapa Tanzania mtafiti hajibebei tu damu kwenye begi apande ndege. Anatakiwa awe na kibali cha maadili, kwa ngazi ya taifa kinatoka NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema inaenda wapi kufanya nini. Halafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayozihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, sema imeandikwa kulinda taarifa, sio kichupa chenyewe, ndo maana fomu yako ina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Mimi binafsi kinachonikera ni hayo maneno "tafiti zijazo", mapana mno, mtu ana kichefuchefu foleni ndefu ataelewa nini hapo? Marekani kabila la Havasupai lilitoa damu miaka ya 1990 wakijua ni mambo ya kisukari, kuja kushtuka imetumika kuchunguza skizofrenia, ugonjwa wa akili, na hata mababu zao walitokea wapi, kitu kinachogongana na simulizi zao wenyewe. Wakaenda mahakamani, mwaka 2010 Arizona State University ikakubali kulipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Wale walikuwa na wanasheria, wewe una kopi ya fomu, usiitupe!

Pesa usitegemee, hata Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za vinasaba, haihusu za binadamu.

Sasa fanya hivi, chini ya fomu kuna namba ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Andika meseji au barua, taja jina la utafiti na namba yako ya ushiriki, uliza sampuli iko wapi, imetumika kwenye nini, kisha sema kama unataka iteketezwe na wakujibu kwa maandishi. Mtafiti asipopatikana nenda kwa kamati moja kwa moja. Sababu hulazimiki kutoa, na huduma yako ya kliniki haitakiwi kuguswa kwa hilo.