Nilishinda Kesi ya Mkono Wangu, Nikaondoka na Nusu

Jana msomaji ameniandikia. Vidole vyake viwili vimebanwa na mashine kazini, na wakili kamwambia, "Hulipi kitu mpaka tushinde." Anauliza atie saini au asitie. Dada yangu, maneno hayohayo niliambiwa mimi.

Mkono wangu wa kulia ulivutwa na mkanda wa mashine usio na kinga. Kidole cha shahada kilikwenda chote, cha kati nusu. Hadi leo vifungo vya shati nafunga kwa kushoto. Mkataba wa wakili niliuwekea dole gumba nikiwa kitandani, bandeji ingali inavuja damu, bila kusoma hata mstari. Kesi ikachukua miaka mitatu. Mwajiri alidai nilikuwa mzembe. Sikurudi nyuma, tukashinda, na najivunia hilo.

Kisha nikapewa karatasi ya hesabu. Katika kila 100 ya fidia, 30 ya wakili. Sawa, tulikubaliana. Chini yake: ada ya mahakama, ripoti za madaktari, mtaalamu wa mashine, nakala za faili la hospitali, nauli za mashahidi. Zikaenda 20 nyingine, nikabaki na 50. Gharama zingetolewa kwanza, asilimia 30 ingekatwa kwenye 80 na ningeondoka na 56. Ni sentensi moja tu ya mkataba! Bado inaniuma.

Kwa hiyo soma mkataba. Uliza asilimia inakatwa kabla ya gharama au baada yake. Uliza mkishindwa nani atazibeba, pamoja na za upande wa pili. "Hulipi kitu" mara nyingi ni ada ya wakili peke yake. Soma mkataba, narudia.

Na kabla ya wakili, ulizia mfuko wa fidia, yaani mfuko unaowalipa wafanyakazi walioumia kazini. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, mfanyakazi alipwe bila kuthibitisha kosa la mwajiri, na nchi nyingi zikafuata. Dai la namna hiyo mara nyingi ni fomu, taarifa ya ajali na ripoti ya daktari. Lakini lina muda wake wa mwisho, na kwingine ukilipwa na mfuko huwezi tena kumshtaki mwajiri.

Mwambie wakili akuachie mkataba ulale nao nyumbani. Risiti za dawa na nauli tia kwenye bahasha moja. Zangu nyingi nilizitupa, na hakuna aliyenirudishia.