Asubuhi Njema Haitoshi: Ushauri kwa Wastaafu Wenzangu wa WhatsApp

Kabla sijanywa chai, simu yangu imeshajaa mawaridi. Waridi jekundu lenye umande, njiwa wawili, kikombe cha kahawa kinachofuka mvuke, na chini yake maandishi ya kumetameta: Asubuhi njema, Mungu akutangulie. Anayetuma ni mtu tuliyelala bweni moja chuo cha ualimu Korogwe, tukichangia ndoo na mafuta ya kujipaka. Kuna wakati ungeniuliza siku hizi anaishi na nani, au lile goti limepona, nisingekuwa na jibu. Nilikuwa na mawaridi yake tu.

Naandika kwa watu wa rika langu, tulioanza kazi miaka ya 80 na sasa tunasubiri pensheni mwisho wa mwezi. Wengi wetu watoto walitununulia simu ya kupangusa, mtu akatuingiza kwenye grupu la "Tuliosoma Pamoja", tukafurahi wiki ya kwanza kama watoto. Baada ya hapo grupu likabaki na mambo matatu: mawaridi, misiba na meseji za kufowadi.

Sisi si wageni wa urafiki wa mbali. Tulikua tukiandika barua, na barua ilikuwa na utaratibu wake. "Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Kisha unaruka mstari: "Ama baada ya salamu..." Hapo ndipo barua ilipoanza. Ng'ombe amezaa, ada haijatimia, fulani kaposwa, mahindi yameliwa na viwavi. Hata kadi za salamu tulizokuwa tunajaza na kupeleka Redio Tanzania, baada ya orodha ndefu ya majina ulikuwepo ujumbe. WhatsApp imetuzoesha kuishia kwenye salamu. Ushauri wangu wote, ukiukamua, ni huo: rudisheni "ama baada ya salamu".

Sisemi uandike insha. Sema kitu kimoja kilichotokea leo, kidogo, cha kwako. Shoga yangu wa Lushoto ndiye aliyetufundisha bila kukusudia. Asubuhi moja, badala ya waridi, alituma sauti: "Jamani, jana nimepeleka kabichi zangu barabarani, kijana wa lori akaniambia bibi, hizi ndogo. Nikamwambia ndogo ni hiyo pesa yako. Tumebishana mpaka wenzake wakawasha gari." Nyuma yake jogoo anawika na mtu anakwangua sufuria. Ilipofika saa nne grupu zima limeamka. Wa Handeni akaeleza kwamba mbuzi wake ana mimba na anakula nguo za majirani kwenye kamba. Wa Dodoma akataka kujua kabichi imeuzwa shilingi ngapi. Mmoja ambaye siku zote alikuwa akituma vile viganja vilivyofumbatana akaandika sentensi tatu nzima kuhusu mjukuu aliyegoma kunywa uji. Siku hiyo hatukuona hata waridi moja, na hakuna aliyeliulizia.

Na ukiuliza, uliza kinachojibika. "Habari za huko?" hujibiwa "nzuri" hata na mtu aliyelazwa wodini, kwa sababu kwetu "nzuri" ni adabu. Mtu atakwambia "nzuri tu, sijui nyie", mkaongea ya mvua na ya bei ya sukari, halafu wakati wa kuagana ndipo unasikia alianguka bafuni. Kwenye meseji hakuna huko kuagana kwa taratibu, kwa hiyo ukishajibiwa "nzuri" mlango umefungwa. Uliza: yule fundi wa paa alirudi? Miwani mipya inakubali? Jana mlipika nini? Mwenzetu mmoja yuko Minnesota kwa mwanawe, alikwenda kulea wajukuu. Kule wako nyuma yetu kwa saa 9 majira ya baridi na saa 8 kiangazi, kwa hiyo yeye anapoamka sisi tunamenya ndizi za jioni. Wajukuu wamekwenda shule, mwanawe kazini, nje theluji. Ananiambia swali la "leo mnapika nini" huwa analisubiri kuliko mahubiri yote tunayomtumia. Na akijibiwa anataka ajue na nazi ilikuwa ngapi.

Sasa macho na vidole. Wengi wananyamaza si kwa kukosa la kusema, ila kuandika kwa vidole vinene kwenye vile viherufi ni adhabu. Ndani ya WhatsApp ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya chati, utakuta mahali pa kuongeza ukubwa wa maandishi; weka makubwa kabisa na usimwonee haya mtu. Zaidi ya hapo, tumia sauti. Ile alama ya kipaza sauti pembeni ya mahali pa kuandikia, unaibonyeza huku unaongea, ukiachia inaondoka. Ila muwe na huruma. Dakika moja inatosha, na anza kwa kusema unaongelea nini, ili aliye kwenye daladala ajue kama ni la kusikiliza sasa au la kungoja. Tunaye mwalimu mkuu mstaafu ambaye sauti zake zinaanza na historia ya shule. Wajukuu zangu huziongeza kasi mara mbili, mzee wa watu anasikika kama mtangazaji wa mpira.

Tiki za bluu msizipe uzito. Mtu amesoma hajajibu, basi ugomvi. Huenda alikuwa na sabuni mikononi. Huenda simu ilikuwa kwa mjukuu anacheza gemu.

Kimya ndicho cha kukifuatilia, na mkifuatilie nje ya grupu. Kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa mchangamfu sana, mwandishi mzuri, ghafla akapotea. Grupuni tukamwandikia: "Mbona kimya mzee?", "Umetususa?", na vikatuni vya kucheka. Wiki zikapita. Nikampigia simu ya kawaida. Akapokea mlio wa pili.

"Mwalimu, nawaona mnaniandika," akasema, "ila sisomi. Naona sisimizi tu wamejipanga."

Kumbe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na aliona aibu kumwomba mjukuu wa darasa la nne amsomee meseji za watu wazima. Tukaanza kumtumia sauti, kila mtu zamu yake, na kwenye hizo sauti mmoja wetu ambaye alishafanyiwa upasuaji wa aina hiyo akamweleza hatua kwa hatua: unapigwa ganzi, hulazwi usingizi, unafungwa kitambaa, kesho yake kinafunguliwa. Alikuwa anaogopa kwamba jicho linatolewa nje na kurudishwa! Baadaye alikwenda, akafanyiwa. Siku aliyoanza kuandika tena alitusahihishia sarufi grupu zima, na tukamwacha.

Kwa hiyo fanyeni hivi mapema: kila mwana grupu atoe namba ya pili, ya mtoto, ya jirani au ya muuza duka wa karibu, na mtu mmoja aziandike kwenye daftari la karatasi. Simu huibwa, laini hufungwa, na namba isiyotumika muda mrefu mtandao huwapa watu wengine. Mimi nimewahi kumpigia rafiki wa miaka mingi akapokea kijana wa Mbeya, mstaarabu sana, lakini si yeye.

Tufike kwenye michango, maana hili ndilo linaloua magrupu ya wazee wa Tanzania na watu hawapendi kulisema. Msiba unatokea, mweka hazina anabandika orodha: jina, kiasi, jina, kiasi. Aliyetoa 50,000 yuko juu, aliyetoa 5,000 yuko chini, na ambaye hana kitu anaisoma orodha inavyorudi kila jioni na jina lake halimo. Mwisho anajitoa, na mnasema amejitenga. Hajajitenga, ameishiwa. Pensheni zetu hazilingani; wengine waliondoka kazini na daraja la juu, wengine hawakuwahi kuwa na pensheni kabisa. Sisi tulitenganisha. Kuna grupu la michango ambalo linafunguliwa shida ikitokea, na kuna la soga ambalo pesa hazitajwi. Na kwenye lile la michango yanatajwa majina peke yake, kiasi anakijua mweka hazina na wafiwa. Walikuwepo waliopinga, hasa wale wa juu ya orodha. Tuliendelea.

Ukitenganisha hivyo unapunguza pia mwanya wa matapeli, ingawa hawakosekani. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" kila Mtanzania anaijua, hiyo haitusumbui tena. Inayotuumiza sasa ni hii: unapata namba sita za kufungulia WhatsApp kwa meseji ya kawaida, halafu "rafiki yako" anakuandikia WhatsApp kwamba amezituma kwako kwa bahati mbaya, umrudishie. Ukimrudishia, WhatsApp yako imehama, naye anaanza kuwaomba wenzako pesa kwa jina lako na picha yako ya harusi ya mtoto. Zile namba sita hazitolewi kwa mtu yeyote, hata awe mwanao. Tena ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, uchague namba ya siri utakayoikumbuka. Mwombe kijana wa nyumbani akuonyeshe, ila namba uiweke mwenyewe. Namba ya tapeli unaweza kuiripoti kwenda 15040, na ukipiga *106# utaona kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Kwetu tuna sharti moja juu ya hayo: anayeomba pesa anapigiwa simu na anaulizwa swali la chuoni. Nani alikuwa anagonga kengele? Tulimwitaje mpishi? Siku hizi hata sauti ya mtu inaigizwa kwa kompyuta, lakini jina tulilompa yule mpishi halimo kwenye kompyuta yoyote, na hapa silitaji.

Za kufowadi nitazipitia haraka. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, umeshapita kwenye mikono mingi mno na aliyeuandika hajulikani. Siku hizi ujumbe wa namna hiyo WhatsApp hukuruhusu kuutuma kwenye chati moja tu kwa wakati, tangu 2020, na ninavyoona mimi hata hiyo moja ni nyingi. Siasa na malumbano ya dini tulikubaliana yabaki nje. Lakini za dawa sizinyamazii: kitunguu saumu na tangawizi vipikieni mchuzi, kunywa maji yake kama roho inapenda, ila vidonge vya presha na sukari haviachwi kwa sababu ya meseji. Anayetaka kuacha amwone daktari. Admini wetu alikuwa muuguzi, na anayefowadi dawa anaulizwa hadharani amejaribu yeye mwenyewe kwa muda gani. Zimepungua.

Kama simu inakuambia imejaa, hizo ni picha na video zinazojipakua zenyewe. Kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa kujiendea, utapakua unayoitaka. Bando nalo litadumu. Mimi zamani bando la wiki lilikuwa linaisha Jumatano.

Mwisho, wenye kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe. Kila grupu la wazee lina watu ambao hawamo: hawana simu ya kupangusa, au wanayo na hawaitaki, au wako mahali mtandao unapatikana ukipanda kilimani. Hao wasiachwe kwa kuwa hawaonekani kwenye orodha. Sisi tumegawana, kila mtu anaye mmoja wa kumpigia Jumapili na kumsomea yaliyojiri. Wangu mimi yuko Kilindi, alikuwa mwalimu wa hesabu, anasikia vizuri na subira hana. Juzi nilimwanzia na taarifa za uhakiki wa wastaafu, nikaingia kwenye mjadala wa kikokotoo, ile hesabu ya kupigia mafao ya pensheni, uliokuwa umewaka wiki nzima, akanikata katikati.

"Hayo nitayasikia redioni. Mbuzi wa Handeni amezaa?"

Amezaa, nikamwambia. Mapacha. Akataka kujua majike au madume, na kwa kuwa sikujua, alinipa hadi Jumatatu jioni.