Kwa wadogo zangu mnaoingia fomu wani na nyumbani hali ni ngumu

Wadogo zangu mnaoripoti fomu wani mwezi wa kwanza, hasa nyie wa shule za kata ambao nyumbani hata hela ya sabuni ni mtihani, hii ni yenu. Mi nimesoma kata kipindi ada bado ni 20,000 kwa mwaka na mama alikuwa anailipa kidogo kidogo kwa hela ya vitumbua. Tangu 2016 ada ilifutwa mpaka fomu foo, jambo kubwa sana lile, ila msidhani ndo kila kitu bure. Sare yako, madaftari yako, nauli yako, na shule nyingi kuna mchango wa makande ya mchana.

Sasa la muhimu kuliko yote: wiki ya kwanza tu nenda kamweleze mwalimu wa darasa hali ya nyumbani, ikiwezekana nenda na mzazi au bibi unayekaa naye. Usisubiri jina lisomwe mstarini. Darasani kwetu walioacha shule wengi hawakushindwa masomo jamani, walikuwa na akili kabisa, kilichowatoa ni aibu. Mtu anasomwa leo hajalipa mchango, kesho anaona bora ajifiche huko vichakani na begi lake mpaka saa nane arudi nyumbani kama katoka shule, wiki mbili hivyo, akija kurudi hesabu zimeshampita basi anaacha moja kwa moja. Mwalimu akijua mapema atakuombea muda, au atakufikisha kwa mkuu wa shule mjadiliane. Na kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, liseme hilo pia, maana ruzuku ile ina sharti la watoto kuhudhuria shule, ukitoroka unaikosesha familia nzima.

Kingereza kitakutisha, najua. Miaka saba umesoma kwa Kiswahili halafu ghafla kila somo limegeuka, na aliyetoka shule za inglish midiam ananyoosha mkono kila saa. Hajakuzidi akili, kakuzidi maneno. Mmeng'enyo wa chakula uliusoma msingi na ni uleule, kwa hiyo kila jioni chukua maneno kumi ya bailojia, yaandike nyuma ya daftari na maana yake, kesho mengine. Pepa za nyuma za NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ziko bure kwenye tovuti yao na vitabu vya kiada viko maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, simu kama huna tafuteni mmoja mwenye ndugu mwenye smatifoni, mnakaa watatu wanne mnanakili maswali kwa mkono. Anzeni fomu wani hiyohiyo, fomu tuu kuna mtihani wa taifa na usipofaulu unarudia darasa.

Kuhusu shati moja. Ukifika tu nyumbani livue, fua kola na kwapa kwa sabuni ya mche, kamua vizuri, anika, na masika anika ndani juu ya kamba karibu na jiko. Mkaa wa pasi hakuna? Likikauka likunje kwa mistari yake uweke chini ya godoro ulilalie, asubuhi limenyooka. Na kiporo usikidharau, kula ndo utoke, njaa ya saa tano inaleta usingizi kipindi cha hesabu na mwalimu anafikiri huna nidhamu.

Mabinti, hapa nawaomba mnisikilize. Kama mnatembea kilomita nyingi, lifti ya bodaboda na chipsi za bure havitolewi kwa huruma, tembeeni kwa kundi hata kama mnachelewa, na akiwasumbua mtu mwambieni mwalimu wa kike mnayemwamini. Anayempa mwanafunzi mimba sheria inasema jela miaka 30, ila kesi hizo nyingi zinaishia kwa wazee kukaa chini wakayamaliza, na binti ndo anabaki na mtoto. Hata hivyo tangu mwishoni mwa 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, na wengi vijijini hawajaambiwa. Kama dada yako alikatiza kwa sababu hiyo, mpeleke kwa mkuu wa shule aliyokuwa anasoma, akizungushwa nendeni kwa afisa elimu kata.