Maswali yenu: makaburi ya Tengeru, sahani ya ziada mezani, na nchi zilizoimba

Tangu nigusie habari za Poland na nchi za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania) maswali yamekuja mengi, leo nimechukua haya matano.

Nakaa Usa River, Arusha. Pale Tengeru kuna makaburi ya Wazungu, wanasema ni Wapolandi. Walikuwa walowezi au wamisionari?

Wala sio walowezi ndugu yangu, walikuwa wakimbizi, na wengi wao wamama na watoto. Septemba 1939 Hitler aliingia Poland kutokea magharibi, tarehe 17 mwezi huohuo Stalin wa Umoja wa Kisovieti nae akaingia kutokea mashariki, wakagawana nchi ya watu. Huko kwa Stalin kuanzia Februari 1940 familia zikawa zinagongewa mlango usiku, mnapewa muda mfupi mfungashe, mnapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo mpaka Siberia na Kazakhstan kukata magogo, na njaa, baridi na maradhi vikawamaliza wengi hukohuko. Juni 1941 Hitler akamgeukia Stalin, ndio Stalin akakubali kuwaachia wale Wapolandi waunde jeshi chini ya Jenerali Władysław Anders, na hilo jeshi lilipotoka kwenda Iran mwaka 1942 likatoka na raia pia, jumla zaidi ya watu laki moja. Wanaume wakaenda vitani, sasa wamama na yatima waende wapi? Waingereza wakawapeleka kwenye makoloni yao, na huku Afrika Mashariki na Kusini wakaja kama 18,000.

Tengeru ilikuwa kambi kubwa, watu kama 5,000, vijumba vya mviringo vimeezekwa nyasi, shule, hospitali, kanisa, na sinagogi pia maana Wayahudi walikuwepo. Wengine walikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro, na Uganda walikaa Koja na Nyabyeya kule Masindi ambako kanisa walilojenga bado limesimama. Vita ikaisha lakini pa kurudi hapakuwepo, vijiji vyao vya mashariki vilibaki kwa Wasovieti na Poland yenyewe ikawekewa serikali ya kikomunisti, kwaiyo wengi wakaishia Uingereza, Canada na Australia. Waliolala Tengeru ni zaidi ya 140. Wewe uko jirani, nakuomba siku moja wapeleke watoto wakasome yale majina, mtu ametolewa kwake na kuvushwa nusu ya dunia kuja kuzikwa chini ya Mlima Meru, hiyo ni historia yetu pia na shuleni haisemwi inavyostahili.

Walithuania, Walatvia na Waestonia si ni Warusi tu waliojitenga?

Hapana, na ukiwaambia hivyo utawaumiza sana. Kilithuania na Kilatvia ni lugha za Kibaltiki, tawi lao peke yao, ndugu yao wa tatu Kiprusi cha zamani kilikufa kama miaka 300 iliyopita. Kiestonia hata humo hakimo, kiko karibu na Kifini. Nchi zote tatu zilijitangazia uhuru 1918, Stalin akazimeza 1940.

Nimeolewa Kraków, Poland, hii ndio Krismasi yangu ya kwanza ukweni. Mama mkwe anasema mezani kutakuwa na sahani ya ziada na hakuna mgeni aliyealikwa. Niulize au ninyamaze?

Uliza dada, atafurahi. Hiyo sahani ni ya mgeni asiyetarajiwa, yeyote atakayebisha hodi usiku huo asikute nafasi imejaa, na familia nyingi wanaiwekea pia maana ya kumkumbuka aliyefariki au aliye mbali.

Usiku wenyewe unaitwa Wigilia, tarehe 24 Desemba. Mchana watu wanakula kidogo sana au hawali kabisa, watoto wanachungulia dirishani mpaka nyota ya kwanza ionekane ndio mnakaa. Chini ya kitambaa cha meza utakuta nyasi kavu kidogo, ni kumbukumbu ya hori alilolazwa Yesu. Alafu kabla hamjagusa chakula, hapa ndio uwe makini, mnapewa opłatek, kimkate cheupe chembamba kama karatasi kimegandamizwa picha ya kuzaliwa Yesu. Unamwendea kila mtu mmojammoja, unavunja kipande cha chake, anavunja cha kwako, mnatakiana heri mkiangaliana usoni. Kama mlikwazana na wifi ndio pa kumalizia. Vyakula kwa desturi ni 12 na hakuna nyama: supu nyekundu ya bitiruti yenye vidonge vya unga vilivyojazwa uyoga, samaki kapu, pierogi (vitumbua vya unga vilivyojazwa ndani), keki ya mbegu za popi. Onja kila kimoja hata kijiko tu. Na Walithuania wana usiku kama huohuo, wao wanauita Kūčios.

Ni kweli Lithuania walikuwa wa mwisho Ulaya kuingia Ukristo?

Kama taifa zima, ndio. Mtawala wao Mindaugas alibatizwa 1251 na kuvikwa taji la ufalme 1253, ila watu wake wakaendelea na miungu yao, Perkūnas wa radi na wengine. Mpaka 1386 mtawala wao Jogaila alipobatizwa Kraków akamuoa Jadwiga aliyekuwa anatawala Poland, mwaka uliofuata ndio ubatizo wa nchi ukaanza. Muungano huo ndio ulikuja kuwapiga Wapiganaji wa Kitutoni, wale wanajeshi wa kidini wa Kijerumani, pale Grunwald, 15 Julai 1410.

Nimesikia Baltiki walimshinda Msovieti kwa kuimba. Inawezekana kweli?

Nyimbo peke yake hapana, Januari 1991 watu 14 waliuliwa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, wakilinda mnara wa televisheni na sehemu nyingine za mji mikono mitupu, hao wasisahaulike. Lakini nyimbo ndio zilikuwa mahali pa kukutania. Waestonia walianza tamasha lao la kwaya Tartu 1869, Walatvia Riga 1873, enzi za Tsar, mfalme wa Urusi, hizo, na Msovieti alipokuja hakulifuta, alichomekea nyimbo za kumsifu Lenin na watu wakawa wanasubiria zile zao. Septemba 1988 Tallinn walikusanyika watu kama laki tatu, Estonia nzima wakati huo ilikuwa na kama milioni moja na nusu, hebu piga hesabu. Agosti 23, 1989 wakashikana mikono watu karibu milioni mbili toka Tallinn, Riga mpaka Vilnius, kilomita zaidi ya 600, miaka 50 kamili tangu Hitler na Stalin wagawane nchi zao kwa siri.

Ukitaka kuyaona matamasha hayo mwenyewe, Latvia na Estonia kawaida ni kila miaka mitano, mida ya Juni na Julai, na hoteli Riga na Tallinn zinajaa mapema.