Kijibwa Kisichopukutisha Manyoya: Maswali Yenu Kuhusu Maltipoo

Maltipoo ni mbwa chotara wa jamii mbili: mzazi mmoja Maltese, mwingine Poodle wa kimo kidogo. Mmeniuliza mengi juu yake, nimeyachukua haya.

Swali: Muuzaji ananihakikishia hatazidi kilo tatu. Nimwamini?

Mwulize kwanza ni Poodle yupi aliyetumika. Mdogo kuliko wote husimama kama sentimita 25 begani. Anayemfuata anaweza kufika 38 kwa vipimo vya Marekani, na uzito wake si wa kubeba kwapani. Mtoto hufuata upande wowote. Hata wa tumbo moja hawalingani: huyu manyoya yamejikunja, mwenzake yamelala kama hariri. American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili mbwa, haimtambui kama jamii kamili ya mbwa, kwa hiyo hakuna kipimo rasmi cha kumbana nacho muuzaji. Omba kumwona mama yake kwa macho. Ukizungushwa, ondoka.

Swali: Mwanangu ana mzio. Nasikia Maltipoo hana shida.

Hakuna mbwa asiye na shida kabisa. Kinachowasha ni protini zilizomo kwenye mate, mkojo na magamba ya ngozi, wala si unywele wenyewe. Mwaka 1989 huko Australia, mzalishaji wa mbwa Wally Conron alimzalisha Labrador na Poodle ili ampate mbwa wa kumwongoza mwanamke asiyeona ambaye mumewe alikuwa na mzio. Walizaliwa watatu. Nywele na mate yao yalipojaribiwa, ni mmoja tu ambaye hakumsumbua mume. Basi mpeleke mwanao akakae na mbwa huyohuyo mnayemtaka, saa kadhaa, zaidi ya mara moja, kabla hamjalipa.

Swali: Namchana kila siku, lakini kinyozi wa mbwa amemnyoa kipara akidai ana mafundo. Ameniibia?

Sidhani. Unachana juu juu. Unywele unaokatika hauanguki chini. Unanaswa ndani ya wenzake na kujisokota karibu na ngozi, huku juu pakionekana safi. Chukua kitana cha chuma, gawanya manyoya kwa vidole mpaka uone mstari wa ngozi, kisha chana kutoka shinani hadi nchani, fungu kwa fungu. Kitana kikikwama, hapo ndipo penye kazi. Usisahau nyuma ya masikio, makwapani, na pale mkanda unaposugua. Jambo moja ambalo wengi hulikosea: humwogesha kwanza, kisha ndipo wamchane. Fundo likilowa hukaza na likikauka ni kama kitambaa cha sufi. Chana, ogesha, kausha, chana tena. Kunyolewa ni kila wiki nne hadi sita. Ugumu huzidi pale manyoya ya utoto yanapoyapisha ya utu uzima, kabla ya kutimiza mwaka au hapo karibu. Kama huna dakika kumi na tano kwa siku, mwache mfupi tu. Urembo wa picha haumsaidii yeye.

Swali: Ana mistari ya kahawia chini ya macho.

Ni rangi iliyomo kwenye machozi. Futa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Ikiwa imeanza ghafla, au anafumba jicho, mwone daktari wa mifugo.

Swali: Akikimbia, anakunja mguu wa nyuma hatua mbili tatu, kisha anaendelea kama si yeye.

Mara nyingi hiyo ni pia ya goti inayochomoka kwenye mfereji wake na kurudi. Usidanganyike kwa kuwa halii. Daktari huipapasa na kuipa daraja, 1 hadi 4. Za juu mara nyingi huishia kwenye upasuaji. Kwa sasa asinenepe, na asiruke kutoka kwenye makochi. Na mwambie amwangalie meno pia: chonge la utoto likigoma kung'oka, jipya huota ubavuni mwake na uchafu hujaa katikati.

Swali: Ana miezi miwili. Asubuhi nilimkuta amelegea, anayumba.

Yaelekea sukari imeshuka, jambo la haraka kwa mwili mdogo hivyo uliolala na njaa. Mpake asali kidogo kwenye fizi, mfunike, mkimbize kwa daktari. Kuanzia hapo mlo uwe mara nne kwa siku. Ila usimpe kitamu chochote cha "bila sukari": baadhi vina zailitoli, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, nayo huishusha sukari ya mbwa zaidi.