Jibu refu: Hospitali wanaomba maji ya kichwa cha mtoto kwa ajili ya utafiti, tukubali au tukatae?

Mkuu, nimeisoma mada yako mara mbili. Mpwa wako ana miezi 3, kichwa kinaongezeka kila wiki, hospitali ya rufaa wamesema apasuliwe awekewe mpira wa kutoa maji yaliyojaa kichwani. Kabla ya upasuaji akaja dada mmoja mwenye faili kuomba saini ili maji yatakayotolewa kichwani yaende maabara ya utafiti. Shemeji yako kagoma, kasema mwanawe hawezi kuwa panya wa wazungu, kambeba mtoto karudi naye nyumbani. Waliochangia hapo juu nusu wanakwambia "kimbieni", nusu "saini tu, acheni ushamba". Mimi nilipita hapohapo na mwanangu mwaka 2019. Si daktari, ni fundi bomba, naishi Kahama. Nitaandika kwa kirefu, wavivu wa kusoma mnisamehe.

Kabla ya habari ya saini, mtoto arudi hospitali. Upasuaji ni jambo moja na utafiti ni jambo jingine. Ukikataa utafiti mtoto anapasuliwa vilevile, kwa foleni ileile na daktari yuleyule. Kama kuna mtu alimwambia shemeji kwamba bila saini ya utafiti hakuna mpira, huyo apelekwe kwa mganga mkuu wa hospitali, maana amevunja utaratibu. Ila mara nyingi hakuna aliyesema hivyo. Fomu mbili zinaletwa siku moja, kitanda kimoja, na mzazi ambaye hajalala siku tatu anaziona ni kitu kimoja. Kwangu ilikuwa hivyohivyo.

Wa kwangu alizaliwa mzima kabisa. Wiki ya pili akapata homa, akagoma kunyonya, akakakamaa. Zahanati moja wakampa dawa ya malaria bila kumpima, bibi yake akasema ni degedege, akafukizwa. Homa ikaisha tukashukuru. Alipofika miezi miwili, nesi wa kliniki akazungusha futi kamba kichwani, akapima tena, akaniuliza: "Baba, huyu utosi wake ulikuwa umejaa hivi tangu lini?" Macho nayo yalikuwa yanatazama chini, weupe unaonekana juu ya mboni. Sisi tulidhani anaangalia kifua cha mama yake.

Daktari aliponieleza nilimwelewa haraka kuliko alivyotegemea, kwa sababu ya kazi yangu. Ndani ya ubongo kuna vyumba, na kuna kinyama kinachotengeneza maji saa zote. Kwa mtu mzima ni kama nusu lita kwa siku. Maji hayo yanazunguka, yanashuka, halafu yanafyonzwa kuingia kwenye damu. Sasa pakitokea maambukizi, makovu yanaziba njia huku bomba la juu halijafungwa. Fundi yeyote anajua kinachofuata: tangi linajaa. Kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana, kichwa kinatanuka na ubongo unasukumwa pembeni. Ndiyo maana nasema arudi hospitali.

Mpira ni bomba jembamba la silikoni linalotoka kichwani, linapita chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi tumboni, na katikati kuna valvu inayopitisha maji upande mmoja tu. Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Valvu za aina hii zilipata mafanikio kwa mkono wa mzazi. John Holter alikuwa fundi wa mitambo huko Philadelphia, Marekani. Mwanawe Casey alizaliwa 1955 na mgongo wazi, kichwa kikajaa maji, na yeye akaenda kwenye karakana yake kutengeneza valvu akishirikiana na daktari Eugene Spitz. Mwaka 1956 ikaanza kuwekwa kwa watoto. Niliposoma habari hiyo wodini kwenye simu nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi peke yangu.

Tatizo la mpira ni tatizo la bomba lolote: unaziba, unapata maambukizi, unakatika, mtoto anarefuka nao unabaki mfupi. Mtoto anayekaa dakika 10 kutoka hospitali kubwa, mpira ukiziba leo anafunguliwa leo. Wa kijijini kwetu atafika keshokutwa, nauli ikipatikana. Sasa hapa ndipo utafiti unapoingia, na ndipo ningependa shemeji asome mwenyewe.

Hapo jirani Uganda, mjini Mbale, kuna hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa 2001. Daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf alipofika pale alikuta watoto wenye vichwa vikubwa wanamiminika, na wengi ugonjwa wao ulitokana na maambukizi ya utotoni kama ya mwanangu. Akaanza kutumia njia ya pili: anaingiza kamera nyembamba kichwani, anatoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia mpya, halafu anachoma kile kinyama kinachotengeneza maji ili kipunguze kasi. Hakuna mpira unaobaki mwilini. Mwaka 2005 akatoa matokeo ya watoto 550. Kwa wale wa chini ya mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47, kutoboa na kuchoma kwa pamoja kukafaulu kwa asilimia 66.

Ukisikia hivyo unasema basi, mpira utupwe. Hata mimi nilisema. Nilimsumbua sana daktari wetu, kwa nini hamtoboi kama Mbale? Akanijibu kwa upole kwamba asilimia 66 haikuambii kama mtoto atakuwa na akili kuliko angewekewa mpira, kwa sababu hao hawakulinganishwa na wa mpira. Ili ujue lazima upige kura, yaani bahati nasibu iamue mtoto yupi apate tiba ipi, halafu ulinganishe.

Kura ndiyo inayotisha watu, nami nilikuwa naiona ni kamari kwa mwili wa mtoto. Lakini sikiliza walivyofanya. Walichukua watoto 100 pale Mbale, wote chini ya siku 180, wote ugonjwa umetokana na maambukizi, wazazi wamekubali. Kwa kura, 51 wakatobolewa na kuchomwa, 49 wakawekewa mpira. Hakuna aliyeachwa bila tiba. Baada ya mwaka wakawapima akili na ukubwa wa ubongo. Matokeo yalitoka Desemba 2017 katika jarida kubwa la tiba la Marekani: kwa akili na kwa ukubwa wa ubongo, hakuna tofauti ya maana. Ambao tiba ilishindwa ndani ya mwaka huo, yaani walihitaji kurudiwa upasuaji au walikufa kutokana na tiba, walikuwa asilimia 35 kwa kutoboa na asilimia 24 kwa mpira, na hata hiyo kwa hesabu zao haikutosha kusema mmoja kamshinda mwenzake.

Mtu mmoja hapa jukwaani aliwahi kuniambia "sasa utafiti gani huo, hela zote hizo jibu ni ngoma droo". Mimi naona droo ile ndiyo iliyonipa usingizi. Daktari ambaye angejua njia moja ni bora asingekuwa na haki ya kupiga kura. Wanapiga kwa sababu hawajui, na sisi wazazi tusipopigiwa kura kwa utaratibu tunapigiwa na bahati: ukiangukia hospitali yenye kamera unatobolewa, isiyo nayo unawekewa mpira. Mwanangu aliangukia mpira. Kwa matokeo yale sijamnyima kitu.

Na kuna utafiti mwingine wa hapohapo Mbale ambao watu hawautaji sana, nao unamhusu mfukoni kila mmoja wetu. Walilinganisha mpira wa Kihindi wa Chhabra, uliokuwa wa dola kama 35, na wa kampuni ya Codman uliokuwa wa dola 650, kwa watoto 195. Baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti. Kwa hiyo akitokea mjanja wa kukuuzia mpira "original wa Ulaya" nje ya geti la hospitali, mpite.

Turudi kwenye maji ya kichwa, maana ndiyo yaliyomkimbiza shemeji. Wanayatakia nini? Jibu liko palepale Mbale. Kwa miaka walikuwa wakiotesha maji ya watoto hawa maabara na mara nyingi hakioti kitu, wakati mtoto amebeba makovu ya maambukizi. Timu ya Warf na daktari Steven Schiff, wakishirikiana na wataalamu wa Uganda, wakachukua maji ya watoto 100 wa miezi 3 kushuka chini, 64 wa maambukizi na 36 wa sababu nyingine, wakasoma vinasaba vya vijidudu vilivyomo. Wakakuta bakteria anaitwa Paenibacillus, jamii ambayo karibu hakuna daktari aliyekuwa akiiwazia kwa mtoto mchanga. Baadhi walikuwa pia na virusi vya sitomegalo. Bakteria huyo alipooteshwa kwa njia isiyo ya kawaida na kuwekwa kwa panya, panya walikufa. Hiyo ilitoka 2020. Panya wa utafiti wapo kweli basi, mwambie shemeji, na ni panya wenye mikia. Mtoto alichotoa ni maji ambayo daktari angeyamwaga.

Sasa kwangu ilikuwaje. Yule mwenye faili alinieleza kwamba wanataka mililita chache za maji, damu kidogo, na kunipigia simu mara kwa mara kwa mwaka mmoja. Mama mkwe akasema damu ya mjukuu wake haiendi popote. Nikaomba siku moja ya kufikiri, wakanipa bila kununa, na hiyo peke yake ilinipa imani. Ukiona mtu anakuharakisha usaini mtoto akiwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, kataa, utakuwa hujakosea.

Nikamuuliza kila nililotaka. Kuna kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba? Akanionyesha namba na tarehe kwenye fomu. Maji yatachukuliwa kwa sindano ya ziada? Hapana, wakati uleule wa upasuaji. Damu? Ndiyo, hiyo ni sindano ya ziada, na nilipenda kwamba hakuficha. Jina la mtoto litaandikwa? Namba tu. Sampuli itatoka nje ya nchi? Sehemu itatoka, kwa mkataba maalumu, na fomu ilikuwa na kisanduku chake peke yake: unaweza kukubali ibaki nchini na kukataa isafiri. Nikitaka kujitoa? Muda wowote, bila sababu. Nani analipa mtoto akidhurika na utafiti? Hapo alibabaika kidogo, akaenda kumwita daktari mkuu wa utafiti, akaja akanionyesha kifungu. Fomu ilikuwa kwa Kiswahili, kurasa 4. Shemeji adai ya Kiswahili na abaki na nakala.

Nikasaini. Mama mkwe hakuongea na mimi siku mbili.

Faida niliyoipata sikuitegemea. Mwezi wa nane baada ya upasuaji mtoto alianza kutapika asubuhi na kulala sana. Nilikuwa saiti, mke wangu akadhani ni meno. Nesi wa utafiti akapiga simu yake ya kawaida, mke wangu akataja kutapika kama jambo dogo tu, nesi akamwambia "mama, panda gari leo". Mpira ulikuwa umeziba upande wa juu. Ukabadilishwa. Bila ile simu sijui.

Na lawama yangu nayo niiseme. Mwaka ulipoisha simu zikakoma na hakuna aliyerudi kutuambia walichokipata. Nimetuma ujumbe mara tatu, kimya. Mbale matokeo yao ukitafuta unayaona. Ya utafiti wangu mimi niliyetoa damu ya mwanangu siyajui mpaka leo. Hili ndilo ningetaka shemeji alipiganie badala ya kukimbia na mtoto: aandikiwe kwenye nakala yake ni lini na kwa njia gani atapewa matokeo, kwa lugha anayoielewa.

Umeuliza pia kama mtoto atakuwa "sawa". Wangu anasoma darasa la kwanza, mkono wa kushoto mzito kidogo, hesabu zinampiga chenga, mdomo hauna breki. Niliolala nao wodini wengine watoto wao wanaendelea vizuri kuliko wangu, wawili wamezika. Anayekuahidi kitu hajui.

Akishawekewa mpira, kabla ya kuruhusiwa mwandikieni kwenye daftari aina ya mpira, tarehe na upande uliowekwa, na pigeni picha ya hilo daftari muitunze kwenye simu mbili. Homa, kutapika, usingizi usio wa kawaida, utosi kujaa tena au wekundu kufuata bomba shingoni: hospitali siku hiyohiyo, wala msipitie duka la dawa. Na shemeji akitaka kuongea na baba mwenzake, mpe aje inbox, nitampa namba. Jioni nakuwa nimetoka saiti.